Mizani ya kidijitali: rezista ndogo zinazoamua kilo za gunia lako

Gunia liko juu ya mizani. Namba nyekundu zinacheza kidogo, kisha zinatulia: 59.3. Nyumbani ulilipima ukapata kilo 60 kamili. Karani anaandika 59.3, na wewe huna la kusema kwa sababu mashine imeshasema.

Gramu 700 si nyingi kwa gunia moja. Kwa magunia kumi ni kilo 7, na kwa msimu mzima wa kituo cha kununulia mazao ni mzigo wa gari. Mara nyingi watu wakiona hivyo hudhani karani ameichezea mashine. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haina mwizi ndani yake: fundi alibadilisha kipande kimoja, akaacha rezista ya zamani mahali pake. Katika makala haya tunaeleza jinsi umeme mdogo wa mzigo unavyosafiri ndani ya mizani, na jinsi fundi anavyochagua rezista za pale unapoingilia. Fundi redio atapata hesabu za kutumia. Mkulima atajua la kuuliza.

Kinachotokea mzigo unapokaa

Chini ya sahani ya mizani kuna kipande cha chuma au aluminiamu ambacho mafundi hukiita lodi seli, yaani kihisi cha uzito. Kimebandikwa vipande vinne vya foili nyembamba yenye njia za metali zilizopindapinda. Mzigo ukikaa, chuma kinapinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Foili mbili zinavutika na ukinzani wake unapanda, mbili zinabanwa na wake unashuka. Vihisi vya kubandika vya namna hii, mwanzoni vikiwa vya waya mwembamba badala ya foili, vilibuniwa Marekani mwaka 1938 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Edward Simmons na Arthur Ruge. Mpangilio wa vipande vinne ni wa zamani zaidi: unaitwa daraja la Wheatstone, kwa jina la Mwingereza aliyeueneza mwaka 1843, ingawa aliyeutangulia ni Samuel Hunter Christie, mwaka 1833.

Sasa tazama udogo wa mambo. Kila foili kwa kawaida ina omu 350. Mizani ikibeba mzigo wake wote, ukinzani unabadilika kwa kama omu 0.7 tu. Ndiyo maana kwenye kihisi huandikwa namba kama milivolti 2 kwa kila volti. Maana yake, ukikilisha kwa volti 5, mzigo kamili unatoa milivolti 10. Kama ni mizani ya kilo 100, kila kilo ni milivolti 0.1. Gramu 100 ni mikrovolti 10.

Na umeme huo mdogo hauji peke yake. Waya mbili za ishara zinazotoka kwenye kihisi, zote mbili zina kama volti 2.5, nusu ya umeme uliolisha daraja. Tofauti kati yao ndiyo mzigo wako. Volti 2.5 ni mara 25,000 ya ishara ya kilo moja. Ni kama kusimama kwenye ngoma ya harusi ukitaka kusikia anachonong'onezwa mtu wa pembeni yako. Tutaiita hiyo volti 2.5 volti ya pamoja, kwa kuwa iko kwenye waya zote mbili sawasawa. Kazi ya kwanza ya amplifaya ni kuitupa hiyo volti ya pamoja, na kazi ya pili ni kukuza ile tofauti.

Kwa nini si amplifaya yoyote

Fundi mwenye haraka anaweza kujenga amplifaya ya tofauti kwa chipu moja ya kawaida na rezista nne. Kwenye karatasi inafanya kazi. Kwenye mizani inaumiza, na inaumiza kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba rezista nne za asilimia 1 hazilingani. Zikikosana kwa namna mbaya kabisa, amplifaya yenye ukuzaji wa mara 1 inapunguza volti ya pamoja mara 50 tu. Gawa volti 2.5 kwa 50 upate milivolti 50. Mzigo kamili wa mizani ni milivolti 10! Kosa ni mara tano ya mizani yenyewe. Ukinunua rezista za asilimia 0.1, ambazo si rahisi kuzipata kwenye maduka ya mji mdogo, bado unabaki na milivolti 5, yaani kilo 50. Utasema kuna kitufe cha sifuri, ukikibonyeza kosa linafutika. Ni kweli, linafutika kwa dakika hiyo. Betri ikishuka kidogo au jua likipanda, kosa linahama, na sifuri yako imeshabaki nyuma.

Njia ya pili ni ya kimyakimya zaidi. Rezista hizo zinavuta umeme kutoka kwenye daraja. Kama zile za kuingilia ni za omu elfu 10, waya mbili za ishara zinaona njia ya omu elfu 20 kati yao, na kihisi chenye omu 350 kinapoteza kama asilimia 1.7 ya ishara. Kwa gunia la kilo 60 hiyo ni kilo 1 nzima.

Ndiyo maana mizani hutumia amplifaya ya vipimo. Ndani yake kuna amplifaya tatu: mbili za mbele zinapokea waya mbili za ishara bila kuzivuta, na ya tatu inatoa moja kutoka kwa nyingine. Ujanja uko mbele: zile mbili zinakuza tofauti lakini volti ya pamoja zinaipitisha bila kuikuza. Tofauti inapofika kwenye chumba cha mwisho tayari ni kubwa. Rezista za ndani husawazishwa kiwandani, na fundi anaachiwa rezista moja tu ya kuamua ukuzaji, inayokaa kati ya mguu wa 1 na mguu wa 8. Chipu za INA128 na AD620 zinajulikana sana kwa kazi hii, na miguu yao imepangwa sawasawa.

Rezista ya ukuzaji

Tuanze na hii kwa sababu ndiyo inayogusa kilo moja kwa moja. Milivolti 10 za kihisi tunataka ziwe volti 2, ili saketi inayosoma namba izione vizuri na bado pabaki nafasi kwa mtu atakayeweka magunia mawili kwa pamoja. Basi ukuzaji ni mara 200.

Kwa INA128, ukuzaji ni 1 + (50,000 ÷ rezista). Tunageuza hesabu: 50,000 ÷ 199 ni omu 251.3. Rezista ya 251.3 huipati dukani. Kwenye zile za asilimia 1 iliyo karibu ni 249, yenye mistari nyekundu, njano, nyeupe, nyeusi na kahawia. Ukiiweka, ukuzaji unakuwa 201.8. Haidhuru kwamba si 200 kamili. Mizani itarekebishwa kwa mawe ya uzito unaojulikana, na mashine itakariri namba hiyo. Kinachotakiwa ni kwamba ukuzaji ukishakaririwa usibadilike tena.

Hapa ndipo tulipoumbuka sisi wenyewe. Tulikuwa na mizani ya mazoezi, haikuwa ya biashara, na chipu yake ya INA128 ilikuwa imekufa. Tuliyekuwa nayo mkononi ni AD620. Miguu inafanana, tukaing'oa moja tukalehemu nyingine, mizani ikawaka, ikarudi sifuri vizuri, tukafurahi. Mfuko wa kilo 60 ukasoma 59.3.

Ilituchukua muda kugundua. Kanuni ya AD620 si 50,000 bali 49,400. Kwa rezista ileile ya omu 249, ukuzaji wake ni 199.4, si 201.8. Tofauti ni asilimia 1.2, na asilimia 1.2 ya kilo 60 ni zile gramu 700 za mwanzo wa makala haya. Sifuri haiwezi kukuonyesha kosa la namna hii, maana sifuri ukiikuza mara ngapi vile inabaki sifuri. Linaonekana mzigo ukikaa, na linakua kadiri mzigo unavyokua. Ukitaka kurudisha ukuzaji wa zamani kwa AD620 unahitaji omu 246, ambazo unaweza kuzipata kwa kuunganisha 243 na 3 kwa mfuatano. Njia nyepesi zaidi ni kurekebisha mizani upya kwa mawe. Njia mbaya ni kuiacha hivyo kwa sababu inawaka.

Jambo jingine la rezista hii ni joto. Zile za kaboni, ambazo mwili wake mara nyingi ni wa rangi ya mchanga na mistari minne, zinaweza kubadilika kwa sehemu 400 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, na kawaida ukinzani wake unashuka zinapopata joto. Kituo kikifunguliwa alfajiri na kufanya kazi hadi saa nane mchana chini ya bati, tofauti ya nyuzi 20 si ajabu. Hiyo ni asilimia 0.8, karibu nusu kilo kwa gunia la kilo 60. Aliyepima asubuhi na aliyepima mchana hawakupimwa kwa mizani moja, ingawa ni mashine ileile. Rezista za metali, mara nyingi za buluu zenye mistari mitano, nyingi ni za sehemu 100 au 50. Kwa 100 kosa linashuka hadi gramu 120. Zipo za sehemu 25, hapo ni gramu 30. Bei inapanda, lakini ni rezista moja tu kwenye mashine nzima. Hapa hatuoni sababu ya ubahili.

Na ulehemu wake uwe safi. Kiungo kibovu kinachoongeza omu 1 tu kwenye omu 249 kinaondoa asilimia 0.4, gramu 240 za gunia lilelile.

Wapo wanaoweka rezista ya kugeuza kwa bisibisi mahali pa rezista hii ili wapate namba wanayoitaka. Hatuipendi. Inachakaa, inatikisika mizani ikipakiwa kwenye pikipiki, na mtu mwenye bisibisi na nia mbaya anaifikia. Kama hakuna budi, iwe sehemu ndogo: omu 240 za kudumu kwa mfuatano na 20 za kugeuza, ambapo kwa AD620 ukuzaji unatembea kati ya 191 na 206.8 tu, na tundu la bisibisi likae chini ya lakiri.

Rezista mbili za mlangoni

Kabla ishara haijaingia kwenye chipu, kila waya hupitia rezista yake. Mafundi wengi huziona hazina kazi na huzirukia kwa kipande cha waya zikiungua. Kazi yake ni mbili: kuilinda chipu, na kushirikiana na kapasita kuzuia mawimbi ya redio.

Ya ulinzi ni rahisi. Waya wa kihisi ukichubuka ukagusa volti 12 za betri ilhali chipu inalishwa volti 5, kuna volti 7 za ziada. Kupitia omu elfu 4 zinasukuma kama miliampea 1.7, kiasi kisichoua. INA128 ina kinga yake ya ndani hadi volti 40, AD620 haina kinga pana hivyo, kwa hiyo rezista hizi zina maana zaidi kwake.

Ya mawimbi ya redio inatugusa sisi watangazaji. Bila shaka umewahi kusikia redio yako ikitoa mlio wa tikitiki-tiki sekunde chache kabla simu iliyo karibu haijaita. Spika ya redio haikutengenezwa kupokea mawimbi ya simu, lakini transista za ndani zinayageuza kuwa umeme wa polepole unaosikika. Amplifaya ya mizani hufanya vivyo hivyo, ila badala ya mlio inatoa kilo za uongo. Namba zinaruka karani akipigiwa simu. Simu ikikaa juu ya meza ya mizani, iondoe, hata kabla ya kumwita fundi.

Kwa saketi, mpangilio mmoja unaojulikana vizuri na kufanya kazi ni rezista mbili za omu 4,020, kapasita ya nanofaradi 1 kutoka kila mlango kwenda ardhi ya saketi, na kapasita moja ya nanofaradi 47 kati ya milango miwili. Unapitisha mabadiliko ya hadi kama mara 400 kwa sekunde na kupunguza ya juu zaidi. Uzito wa gunia haubadiliki hata mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo hupotezi kitu. Kapasita kubwa ya katikati isiachwe. Zile ndogo mbili hazilingani kamwe, na kutolingana kwake kunageuza kelele ya pamoja kuwa tofauti, yaani kuwa mzigo. Ile kubwa inaifunika tofauti hiyo. Kanuni ni kwamba iwe angalau mara 10 ya zile ndogo. Vyote vikae karibu na miguu ya chipu, si mwisho wa waya mrefu.

Kwa nini elfu 4 na si milioni 1, kama kubwa inalinda zaidi? Kwa sababu milango ya amplifaya, ingawa haivuti umeme mwingi, inavuta kidogo. INA128 kawaida ni kama nanoampea 2. Kwenye omu milioni 1 hiyo inakuwa milivolti 2, kilo 20 za hewani. Kwenye omu 4,020 ni mikrovolti 8, gramu 80. Na gramu hizo 80 ziko kwenye milango yote miwili, kwa hiyo sehemu kubwa inajifuta yenyewe mradi rezista mbili zilingane. Kwa rezista za asilimia 1, zikikosana kabisa, kinachobaki kutokana na kutolingana kwake ni kama gramu 1.6.

Kwa hiyo hapa usihangaike na thamani kamili. Elfu 3.9 itafaa, elfu 4.7 itafaa. Usiweke tu elfu 3.9 upande mmoja na 4.7 upande wa pili kwa kuwa ndizo zilizobaki kwenye kopo. Nunua kumi za aina moja, zipime kwa mita yako moja baada ya nyingine, chagua mbili zinazosoma sawa. Mita ya bei nafuu inaweza kudanganya kuhusu thamani, lakini inadanganya sawasawa kwa zote, na wewe unatafuta usawa.

Mguu wa 5 nao una mtego wake. Huo ndio unaoamua sifuri ya amplifaya inakaa kwenye volti ngapi, na wengi huuinua kwa rezista mbili za elfu 10 kati ya volti 5 na ardhi. Kufanya hivyo kunaharibu usawa uliosawazishwa kiwandani, na volti ya pamoja inarudi kupenya. Weka amplifaya ndogo ya kawaida kati ya rezista hizo na mguu wa 5.

Kihisi cha uzito hakihitaji rezista nyingine ya kurudisha umeme ardhini, kwa kuwa daraja lenyewe ni njia. Ukitumia chipu hiihii kwa kipimajoto cha waya mbili za metali tofauti, tuseme kwenye bani la kukaushia tumbaku, ncha yake inaelea na lazima uweke rezista, omu elfu 10 inatosha, kutoka mlango mmoja kwenda ardhini. Bila hiyo namba zitatangatanga mpaka zifike mwisho wa kipimo.

Mizani ndogo za siku hizi

Ukifungua mizani nyingi za bei nafuu hutaona rezista ya ukuzaji. Zinatumia chipu ya HX711, iliyounganisha amplifaya na kigeuza namba, na ukuzaji wake wa mara 128 au 64 umeshafungwa ndani. Hapo fundi anabakiwa na zile mbili za mlangoni tu, ambazo kwa chipu hii kawaida ni omu 100 kila moja na kapasita ya mikrofaradi 0.1 katikati. Usawa unatakiwa kama kule.

Kwa mkulima asiye na mita

Lita 1 ya maji safi ni karibu sana na kilo 1. Dumu la lita 20 ulilolipima kwanza likiwa tupu ni jiwe la mizani la kutosha kugundua kosa kubwa, ingawa haliwezi kuthibitisha gramu. Weka dumu moja, kisha mawili, kisha matatu. Kama kosa linakua kila ukiongeza dumu, tatizo ni ukuzaji, mwambie fundi atazame chipu na rezista ya mguu wa 1 na wa 8. Kama kosa ni lilelile kwa dumu moja na kwa matatu, tatizo ni sifuri. Kama linabadilika kati ya asubuhi na mchana, uliza rezista ya aina gani imewekwa. Kama namba zinaruka mtu akipokea simu, ni ile kinga ya mlangoni.

Kwa Tanzania, mizani inayotumika kununulia mazao huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama na lakiri. Fundi akikata lakiri kwa ajili ya matengenezo, hata ya rezista moja, mizani hiyo haitakiwi kurudi kwenye biashara mpaka ihakikiwe tena. Ukifika kituoni na kuona lakiri imekatika, una haki ya kuuliza ilikatwa lini na nani aliihakiki baada ya hapo, kabla gunia lako halijapanda.